Wanawake wa Januari Mosi

Kitambulisho changu kinasema kwamba nilizaliwa tarehe mosi Januari 1956. Ni uongo, na aliyeuandika namjua. Nilizaliwa Alhamisi tarehe 24 Aprili 1958, siku ya nne ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nje kidogo ya Buna, kaskazini mwa Kenya, mvua za masika zikiwa zimenyesha mara mbili tu. Mama yangu hakujua kusoma hata herufi moja, lakini siku aliyonizaa aliijua, kwa kuwa alikuwepo. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa aina gani. Mimi sikosei tarehe. Wako waliozikosea tarehe za wenzao maisha yao yote, nao wakapandishwa vyeo.

Karani wa vitambulisho alikuja Buna Jumatano tarehe 17 Julai 1985. Alishuka kutoka kwenye Landrova, kijana wa bara mwenye shati lililopigwa pasi, akawekewa meza ya kukunja kwenye kivuli cha zahanati. Alivaa saa yake kinyume, uso wake ukiwa upande wa ndani wa mkono, hivyo kila alipotaka kujua wakati aliugeuza mkono kama mtu anayeomba dua. Nilikuwa wa kumi na moja kwenye foleni, na mama yangu alisimama kando yangu kama shahidi.

"Huyu amezaliwa lini?" karani aliuliza.

Askari wa chifu akatafsiri. Mama akajibu kwa Kisomali, polepole, kama mtu anayekabidhi amana: Alhamisi, siku ya nne baada ya kufungua Ramadhani, mvua ya gu, yaani masika, ikiwa imenyesha mara mbili, katika mwaka ambao wafugaji wetu waliuita kwa jina lake, maana huipa miaka majina ya siku za juma. Akataja kisima tulichokuwa tukinywesha. Akamtaja mkunga.

Karani aliugeuza mkono akatazama saa. Kisha akanitazama usoni jinsi mnunuzi anavyomtazama mbuzi meno, akaandika.

"Mbona kalamu yake imetembea kidogo hivyo?" mama aliniuliza.

"Mama, kaa kando, wengine wanangoja," karani akasema.

Saa sita aliletewa maziwa ya ngamia. Alikunywa vikombe vitatu kwa kujionyesha, ingawa tumbo lake halikuwa limeyazoea, na tangu saa nane hadi alasiri fomu zake zilibaki mezani zimekandamizwa kwa jiwe, naye yuko nyuma ya zahanati. Siku hiyo sikujua kusoma. Nilianza masomo ya gumbaru, ya watu wazima, mjini Wajir Jumatatu tarehe 13 Januari 1986, na maandishi ya kwanza niliyoyasoma bila kusaidiwa yalikuwa ya kadi ile. Nilicheka, kisha nikakasirika, na hasira hiyo ilinipeleka mbali zaidi kuliko moyo wa kupenda elimu ambao wahisani husifu katika hotuba zao. Nilifanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1989 na wa kidato cha nne mwaka wa 1993, nikiketi kati ya watoto walioniita shangazi.

Katikati ya mitihani hiyo miwili mume wangu, aliyekuwa mfanyabiashara wa ng'ombe katika soko la Garissa, alifariki, Jumapili tarehe 3 Novemba 1991. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha, tarehe 10 Machi 1992, shemeji yangu alituma wazee waje waseme habari ya kunirithi. Niliwapa chai. Sikuwapa kitu kingine.

Tangu mwaka huohuo nilifundisha darasa la gumbaru la wanawake mjini Garissa, wanafunzi ishirini na watatu. Mwaka wa 1996 tulipata habari mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba darasa la wanawake litaendelea kuwa peke yake endapo tu mwalimu wake atakuwa na stashahada, la sivyo litaunganishwa na la wanaume kule karibu na soko la mifugo. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Waume wangewatoa wanawake wote ishirini na watatu kabla ya wiki kwisha. Ya pili ilikuwa kwamba mfadhili mmoja atanilipia mwaka mmoja wa masomo ya elimu ya watu wazima katika chuo fulani kaskazini mwa Uingereza. Basi nilikwenda kuleta stashahada kama mtu anavyokwenda kuleta maji. Sikwenda kuitafuta nafsi yangu. Nafsi yangu nilikuwa nayo.

Kupata pasipoti kuliniongezea dharau niliyokuwa nayo tayari. Nilitoa kitambulisho, kisha nikatakiwa kutoa na ile kadi ya rangi ya waridi ambayo sisi Wasomali wa Kenya tulipewa ili tuthibitishe kuwa sisi ni wa hapa, na ambayo Mkenya mwingine yeyote hakuihitaji. Nilizaliwa katika nchi hii kabla bendera yake haijashonwa. Nilimtazama kijana aliyekuwa nyuma ya dirisha na kuhesabu kwamba bendera nayo ilimzidi umri yeye.

Niliwasili Uingereza Jumamosi tarehe 21 Septemba 1996. Mwalimu aliyepangiwa kunisimamia, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, alinipokea kwa koti kuukuu na kijitabu cha namna ya kuomba hifadhi.

"Pole kwa yote uliyopitia," alisema, akinishika mkono.

"Nimepitia Nairobi," nilimjibu.

Hakucheka. Aliendelea kunishika mkono. Nilimweleza kwamba mimi ni Mkenya, kwamba nina nyumba ya mawe na darasa, kwamba tikiti yangu ni ya kwenda na kurudi. Aliitikia kwa kichwa jinsi tunavyomwitikia mgonjwa anayeweweseka. Koti nililichukua, kwa kuwa baridi haina uraia.

Katika jengo tulilopangiwa, chumba kilichokabiliana na changu kilikuwa cha mama mmoja kutoka Muqdisho, yaani Mogadishu, mkimbizi wa kweli, aliyekuwa akijifunza Kiingereza katika chuo hichohicho. Nilifurahi kusikia Kisomali ukumbini. Furaha hiyo ilidumu kama dakika nne.

"Walaal, wewe ni wa wapi?" aliniuliza. Walaal ni ndugu.

"Buna. Kenya."

"Ah! Sijui!" Akapiga makofi kwa kicheko. Sijui ndilo jina ambalo Wasomali wa Somalia hutubandika sisi wa Kenya, kwa sababu ya neno hilo la Kiswahili ambalo wanadai halikauki midomoni mwetu. "Karibu, Sijui. Nitakufundisha Kisomali kilichonyooka."

Nilimwambia kwamba Kisomali changu kimechunga ngamia, chake kimekaa barazani. Tulizoeana baada ya hapo. Alikuwa mtu mwema, na kila siku alinikera.

Wakenya wenzangu niliwapata siku ya Jamhuri, Alhamisi tarehe 12 Desemba. Wanafunzi wa kutoka kwetu walikuwa wamekodi ukumbi wa kanisa wapike ugali na kuchoma nyama. Mlangoni alisimama mwanamume mnene mwenye koti la suti.

"Hii ni ya Wakenya, mama," alisema kwa Kiingereza.

"Ndiyo maana nimekuja," nilimjibu kwa Kiswahili.

Aligeuka kuwatazama wenzake, akakonyeza. "Haya, sema pilipili."

Wakacheka, maana huko bara hujifurahisha kwa jinsi watu wetu wanavyotamka herufi p kama b. Nilikuwa nimeifanyia herufi hiyo mazoezi miaka saba, tangu nilipoketi na watoto wa darasa la nane.

"Pilipili," nilisema. "Papai. Panzi. Na wewe sema asante, kwa maana nimekuletea halua."

Wakacheka tena, safari hii kwa upande wangu, akanipisha. Aliniambia baadaye, mdomo umejaa nyama, kwamba anasomea shahada ya utawala wa umma, kwamba serikali imemdhamini, kwamba mimi nisiwe na wasiwasi kwa sababu watu wetu anawafahamu vizuri. "Nilikaa Wajir miaka mitatu kabla sijarudi Kenya," alisema. Hata sisi husema hivyo, tunakwenda Kenya, tunarudi kutoka Kenya, lakini sisi husema kwa uchungu. Yeye alisema kama mtu aliyerudi kutoka jela. Kisha akataka kujua wakati, akaugeuza mkono juu kama anayeomba dua.

Niliutazama ule mkono, uleule wa Buna. Nilimaliza nyama yangu nikaenda zangu, nikiwa na kitu ambacho yeye hakujua kwamba ninacho.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nalo nililifanya, na siwezi kuwadharau wengine nikajisamehe mimi. Tasnifu yangu ilihusu wanafunzi wangu ishirini na watatu: kwa nini mwanamke mwenye wajukuu anabeba daftari. Kabla ya kuondoka Garissa niliwahoji wote na kuandika majibu yao. Nilipowauliza walizaliwa lini, walinieleza kama mama yangu alivyoeleza, kwa mvua, kwa miezi ya mfungo, kwa miaka yenye majina. Niliyaandika, isipokuwa ya wa mwisho, ambaye muda uliniishia kabla sijamwuliza swali hilo. Kisha, nikiwa nanakili jedwali safi la kwenda nalo ng'ambo, nikaingiwa na woga wa mtu aliyesoma ukubwani. Nilidhani tasnifu ni kama ofisi. Nikawaomba vitambulisho vyao, nikazikata kwa rula tarehe walizonitajia, na mahali pake nikanakili zilizokuwa kwenye kadi. Mimi, ambaye nilijua kadi yangu ni uongo, niliziamini kadi ishirini na tatu kwa mpigo. Mtu aliyezaliwa na vitabu asingefanya kosa hilo. Angeyaamini masikio yake.

Jumatatu tarehe 12 Mei 1997 nilipata barua ya msimamizi, na Alhamisi tarehe 15 nikaketi mbele yake. Jedwali langu lilikuwa mezani, limejaa miduara ya kalamu nyekundu.

"Wanawake kumi na tisa wamezaliwa tarehe mosi Januari," alisema. Sauti ya kubembeleza ilikuwa imepotea. "Wanne waliobaki, tarehe mosi Julai. Tisa kati yao wana jina moja la mwisho."

"Hilo ni jina la babu. Tisa hao wana babu mmoja."

"Nimefundisha miaka mingi. Mtu anayebuni watu huchoka anapofika kwenye tarehe." Alivua miwani. "Hawa wanawake wapo?"

Sikuwahi kutukanwa hivyo na mtu aliyenipa koti. Nilimweleza kuhusu makarani, meza za kukunja na kalamu zinazotembea kidogo. Nilimwambia tarehe za kadi si za kweli.

"Kwa hiyo uliandika tarehe ulizojua si za kweli. Na wewe umezaliwa lini?"

Hapo kiburi changu kikanisaliti. "Alhamisi tarehe 24 Aprili 1958," nilisema kabla hajafunga mdomo.

Alifungua faili langu. Pasipoti ilikuwa imenakiliwa humo. Aliigeuza karatasi ile upande wangu, akaweka kidole kwenye tarehe mosi Januari 1956. Kama kadi zinasema kweli, basi mimi ni mwongo aliyebuni tarehe yake hapo hapo mezani. Kama kadi zinasema uongo, jedwali langu ni la uongo. Nilipewa hadi Ijumaa tarehe 30 Mei, saa nne asubuhi, nifike mbele ya jopo la walimu watatu na ushahidi, ama tasnifu ifutwe, na stashahada nayo.

Jirani yangu wa Muqdisho alinisikiliza akikaanga sambusa.

"Hilo tu? Walaal, hapa sisi sote ni Januari mosi. Ukifika uwanja wa ndege bila karatasi, hiyo ndiyo wanayokupa. Ni kabila letu jipya." Akacheka peke yake. "Nina mama anayenishughulikia, mwanamke wa ustawi wa jamii. Ataandika barua kwamba wewe ni mkimbizi, karatasi zako zilichomeka vitani. Huyo mwalimu wako atalia machozi. Atakupa na koti la pili."

"Karatasi zangu hazikuchomeka. Mume wangu aliziweka katika sanduku la bati."

"Sijui wee! Unataka kupita au unataka kuwa na haki?"

"Niliwaacha wanawake ishirini na watatu Garissa. Hakuna hata mmoja aliyekimbia kitu."

Aliipindua sambusa. "Basi baki na kiburi chako. Lakini kula kwanza."

Alikuwa amesema kweli kuhusu msimamizi. Ningekubali kuwa mkimbizi, mlango ungefunguka wenyewe. Tangu siku ya kwanza mwanamke yule alikuwa amenitayarishia nafasi hiyo, akaniwekea na mto. Aliyemchukiza ni mtu aliyekuja kwa tikiti ya kwenda na kurudi, mwenye jedwali.

Jumamosi tarehe 24 Mei nilibisha mlango wa karani, yule mwenye koti la suti wa siku ya Jamhuri. Alinikaribisha vizuri, hilo sitalikana. Alichemsha chai, akatia sukari bila kuuliza, akisema anajua watu wa Wajir. Nilimweleza shida yangu, bila kumtaja yeye popote. Alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Shida ni hiyo tu, mama? Si sisi ndio tulikuwa tunaandika! Januari mosi, Januari mosi, mpaka jioni. Ungefanya nini? Jua kali, watu mia mbili, na kila mmoja anakupigia hadithi ya ngamia."

"Utaniandikia barua?"

"Sasa hivi. Mkenya kwa Mkenya."

Nilikumbuka pilipili, nikamsogezea karatasi. Aliandika ukurasa mzima kwa Kiingereza kizuri cha ofisi, akaweka sahihi yenye mapambo, akanipa. Nilisoma taratibu. Barua ilieleza kwamba makarani waliandika tarehe mosi Januari kwa wingi, na ingetosha kuniokoa. Lakini katikati palikuwa na sentensi isemayo kwamba watu wa jamii hiyo, kwa kuwa ni wa kuhamahama na hawana elimu, hawajui walizaliwa lini.

"Hapa pana uongo," nilisema, nikiweka kidole.

"Wapi? Hapo ndipo penyewe, mama. Hiyo ndiyo Wazungu wataelewa haraka."

"Ndiyo maana siitaki."

"Nakusaidia unaniletea kiburi? Sasa unataka stashahada ama unataka vita?"

"Nataka uandike kwamba hamkuuliza. Na mliyoambiwa, hamkuyaandika."

Uso wake ulifungwa. "Tuliuliza. Mimi nilikuwa nauliza kila mtu. Buna yenyewe nilienda mara nyingi sana."

"Ulikwenda mara moja," nilisema. "Jumatano tarehe 17 Julai 1985. Ulikunywa vikombe vitatu vya maziwa ya ngamia, na tangu saa nane hadi alasiri fomu zako zilishikwa na jiwe."

Aliweka kalamu chini. Kisha, kwa namna ambayo karibu inifanye nimpende, akacheka kwa aibu. "Yale maziwa yalitaka kuniua. Wewe nani alikuambia?"

"Nilikuwa wa kumi na moja kwenye foleni. Mama yangu alisimama kando yangu."

"Na alisema nini?"

Nikamsomea maneno ya mama yote: Alhamisi, siku ya nne ya mfungo mosi, mvua ya pili ya gu, jina la mwaka, kisima, mkunga. Kwa Kiswahili ilichukua muda mfupi kuliko kikombe kimoja cha maziwa.

"Yote hiyo?"

"Ulitazama saa."

Aliugeuza mkono wake, akaitazama saa ileile au nyingine kama yake, kana kwamba ndiyo iliyoshtakiwa. Halafu akachukua karatasi mpya. Safari hii aliandika polepole. Aliandika kwamba watu hawakuulizwa, na kwamba walioeleza tarehe zao hawakuandikiwa. Lakini mahali pa kusema ni nani hakuuliza, aliandika "makarani walionitangulia".

"Nina familia, mama," alisema bila kuinua macho. "Na kuna ofisi inanisubiri."

Niliichukua. Uongo aliosema juu ya nafsi yake ulikuwa mali yake, ataubeba mwenyewe. Nilichokuwa nimefuata ni ile sentensi moja, na niliipata. Nasikia alirudi Kenya akapewa cheo. Sijashangaa.

Jopo lilikuwa la watu watatu, msimamizi wangu akiwa wa nne pembeni, asiye na kura. Mwenyekiti, mzee mwenye masikio makubwa, alisoma barua mara mbili. Kuhusu pasipoti yangu alisema chuo si idara ya uhamiaji, na hayo yakaisha kwa sentensi moja baada ya kuninyima usingizi wiki mbili. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo wanawake hawa wanazijua tarehe zao?"

"Wanazijua. Nilizikata mimi, kwa kuamini kadi."

"Na kama hawazijui?" msimamizi alidakia.

"Wanazijua," nilisema, kwa sauti ambayo mume wangu aliitumia sokoni alipokuwa hajamwona ng'ombe vizuri.

Nilipewa hadi Ijumaa tarehe 27 Juni niwasilishe jedwali jipya, lenye tarehe kama walivyozitaja wenyewe, pamoja na maelezo ya kila moja ilivyopatikana. Daftari langu la kwanza lilikuwa Garissa, tarehe zake nimezikata kwa wino mzito nisiweze kumwelekeza mtu kuzisoma. Ilibidi niwaulize upya.

Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa na duka la nguo lenye simu. Jumapili tarehe 8 Juni, saa tatu asubuhi kule Uingereza na saa tano Garissa, nilisimama ndani ya kibanda cha simu na daftari mkononi. Walikuwa wamekwisha kufika wote. Nilisikia duka zima likivuma.

"Mwalimu, tarehe yangu Wazungu wanaitakia nini? Wananiposa?" wa kwanza alisema, na kicheko kikapasua sikio langu.

Akanitajia. Siku, mwezi wa mfungo, mvua, mwaka. Wa pili akanitajia, na nyuma yake sauti nyingine ikapaza: "Muongo huyo! Sisi ni wa gu moja, na mimi nilimtangulia siku tisa! Anataka kuwa mkubwa wangu!" Wakabishana, wakaitana mashahidi, mmoja akatumwa nyumbani kumwuliza ajuza wao, akarudi mbio na jibu, na siku tisa zikathibitishwa. Nilikuwa nikiandika na kuonea fahari kila mstari. Niliwaza jinsi nitakavyoliweka jedwali mbele ya yule mwanamke bila kusema neno.

Wa ishirini na tatu alikuwa mkubwa wao kwa umri na mkimya kuliko wote, mama aliyekuwa akiuza maziwa asubuhi na kuja darasani na harufu ya moshi wa vibuyu.

"Andika sijui, mwalimu," alisema.

Nilidhani simu imekatika. "Eeddo, fikiri taratibu," nilimwambia, nikimwita shangazi kwa heshima. "Mvua gani? Mwezi gani wa mfungo?"

"Mama alikufa akinizaa. Walikuwa njiani, watatu tu, wanahama. Baba alizika akaendelea na safari. Hakuna aliyehesabu." Nilimsikia akivuta pumzi. "Hakuna aliyewahi kuniuliza, nikadhani wewe pia hutafika kwangu."

Naungama kilichonipitia kichwani. Kulikuwa na mstari mmoja mtupu, na kalamu mkononi. Ningeweza kumchagulia siku nzuri, Jumatatu ya mwezi wa Rajabu, mvua nyingi, malisho tele. Nani angejua? Jedwali lingekamilika, na msimamizi asingepata pa kutia kidole. Kalamu yangu ingetembea kidogo tu.

Nilimwuliza kama anaona haya niandike alivyosema.

"Haya ya nini? Ndivyo ilivyo."

Niliwasilisha jedwali Jumatatu tarehe 23 Juni, siku nne kabla ya mwisho. Msimamizi alipitia mstari kwa mstari akitafuta kosa, asilipate, hadi akafika chini.

"Huyu wa mwisho umeacha bila tarehe," alisema. Sauti ya kubembeleza ilikuwa imerudi, kwa maana alikuwa amegundua kwamba nitapita. "Unaweza kuweka makadirio. Januari mosi, kwa mfano. Ndiyo kawaida."

Nilifunga kifuniko cha kalamu yangu.

"Iache," nilisema.

Nilirudi Garissa mwezi wa Septemba na stashahada ndani ya bahasha ngumu, na darasa la wanawake likabaki peke yake. Kwenye rejista mpya nilinakili jedwali lote kwa Kiswahili, ili kila mwanafunzi ajisomee mstari wake. Walijipanga, wakasoma kwa vidole, wakabishana tena juu ya zile siku tisa. Yule mama wa maziwa alisubiri wote wamalize. Aliweka kidole chake chini kabisa ya ukurasa, akasoma silabi kwa silabi, midomo ikitangulia sauti, kama nilivyomfundisha.

"Ha-ju-i," alisoma. Kidole kikasogea. "A-li-u-li-zwa."

Alirudia neno hilo la pili mara moja zaidi, bila kulikata. Kisha akaenda kukaa mahali pake, akafungua daftari, akaniuliza leo tunaanza na hesabu au na kusoma.